Nyumba tuliyopanga Ilomba inauzwa, kodi tumelipa mpaka Januari, tunaambiwa tupishe mwisho wa mwezi

Mama wa Ilomba

Habari zenu wadau. Naombeni msaada kwa anayejua sheria au aliyewahi kupitia jambo kama hili maana hapa nilipo hata usingizi sipati vizuri.

Tumepanga nyumba nzima hapa Mbeya, Ilomba, vyumba vitatu na sebule na uwanja nyuma nafugia kuku. Kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita. Mkataba ni wa maandishi wa mwaka mmoja, umeanza tarehe 1 Februari unaisha 31 Januari, tuliandikishana na mzee mwenye nyumba mwenyewe na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Mzee akafariki mwezi wa tano, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema sana kwetu. Mwezi wa saba mwishoni tukalipa awamu ya pili kwa namba ya simu ya mama mjane, ambayo ndo imeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, hata mzee alipokuwa hai hela zilikuwa zinaingia huko. Mama anaishi Tukuyu kwa binti yake.

Sasa amekuja mtoto wao mkubwa anayekaa Dar, kaja na dalali, anasema familia imeamua kuuza na tupishe ikifika mwisho wa mwezi huu wa nane. Nikamuuliza na kodi tuliyolipa? Anasema hiyo mkamdai aliyeipokea, mimi sijaona hata shilingi. Tangu siku hiyo dalali analeta watu muda wowote anaotaka, jumapili tumetoka kanisani tunakuta watu wako uani wanapima kwa hatua, wanaingia mpaka vyumbani watoto wanabadilisha nguo. Na kuna mmoja anasema ameshatoa kianzio, kampigia mume wangu simu kwamba kuanzia sasa mambo yote ya hiyo nyumba tuongee na yeye.

Mume wangu ni dereva wa lori, wiki hii yuko Tunduma wiki ijayo yuko Dar, kwahiyo haya yote nayabeba mimi. Binti yangu yuko darasa la saba, mtihani wa taifa ni mwezi wa tisa, nikimhamisha sasa hivi nimpeleke wapi? Shule yake ni ya kutembea kwa mguu kutoka hapa.

Naomba kujua, nyumba ikiuzwa mkataba wetu unakufa? Wanaweza kututoa kwa nguvu? Hela yetu ya miezi iliyobaki tunamdai nani? Na sisi kama wapangaji hatuna haki ya kuulizwa kwanza kama tunaweza kununua? Maana mume wangu anasema tukikopa kazini kwao tunaweza kuanza hata na nusu.

Toto la Sae

Pole sana mama. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta nyumba nyingine mapema, ukishaona ndugu wanagombania mali ya marehemu hapo hakuna amani tena. Leo wanakuja na dalali kesho wanakuja na mabaunsa. Iyunga na Nzovwe huko nyumba zipo. Hela itarudi tu mbele ya safari.

Uyole juu

Toto la Sae najua unamtakia mema ila hapo "hela itarudi mbele ya safari" ndo wapangaji wengi wanaumia, ukishatoka na vyombo vyako hakuna anayekutafuta akurudishie. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, haya mashauri nayaona kila msimu, naomba nimjibu dada kwa urefu kidogo.

Dada, cha kwanza tulia. Nyumba kuuzwa hakuui mkataba wa mpangaji. Na mwenye nyumba kufariki hakuui mkataba pia. Mzee aliposaini ule mkataba alijifunga yeye pamoja na mali yake, kwahiyo warithi wanaipokea ile nyumba ikiwa na wewe ndani mpaka 31 Januari, na atakayenunua kutoka kwao anaipokea hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ile iliyoanza kutumika Mei 2001, kifungu cha 88 inasema mwenye nyumba anachukuliwa ameahidi hata kama mkataba haujaandika, kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala na mtu yeyote anayedai haki kupitia kwake. Hilo neno la "anayedai kupitia kwake" ndo linamgusa mtoto wa marehemu na ndo linamgusa huyo mnunuzi mwenye kianzio. Wote wawili wanadai kupitia kwa mzee. Hakuna aliyekuja na haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo mzee, na mzee mwenyewe asingeweza kukutoa mwezi wa nane wakati kodi ameshapokea mpaka Januari.

La pili, huyo kijana kasimama kama nani? Kuwa mtoto wa kwanza sio cheo kisheria. Mali ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hawa wa kawaida kama sisi ni Mahakama ya Mwanzo, na akishateuliwa anapewa ile fomu namba nne ya uteuzi wake. Muombe kwa adabu kabisa akuoneshe. Kama hana, hana mamlaka ya kuuza, hana mamlaka ya kuvunja mkataba, na huyo aliyempa kianzio amempa mtu asiyestahili kupokea. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, kile kikao kinapendekeza jina tu halafu mahakama ndo inateua. Alafu mama mjane bado yupo hai, ile ni mali waliyochuma na mumewe, sijui kama ameulizwa.

La tatu, kutolewa kwa nguvu. Hakuna mtu, awe mwenye nyumba awe mnunuzi, anayeruhusiwa kukutoa bila amri ya baraza la ardhi au mahakama. Hawezi kubadilisha kufuli, hawezi kung'oa mlango wala kuezua bati, hawezi kukukatia maji ili uchoke utoke mwenyewe. Wakijaribu kitu cha namna hiyo nenda polisi ukaripoti upewe RB, ile namba ya taarifa yako. Hapa watu wanachanganya, ukienda polisi ukasema "mwenye nyumba ananitoa" watakujibu hayo ni madai nenda baraza, na kweli ni madai. Lakini mtu akivunja mlango wako au akatishia kukupiga hiyo ni jinai, elezea hivyo hivyo ilivyotokea.

Kuhusu kununua kwanza, hapo nikuambie ukweli hata kama hautakufurahisha, sheria haimpi mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi haki ya kuuziwa kwanza, labda mkataba wenu uwe umeandika. Usome vizuri. Kama haukuandika bado mnaweza kuomba, tena andikeni kwa barua, ila wakikataa hamna pa kuwashtakia kwa hilo. Na msitoe hata mia ya kununua kabla hamjaona msimamizi wa mirathi na makubaliano ya warithi wote.

Anzia ofisi ya mtaa, halafu Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata halihukumu tena kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu, lakini huwezi kuliruka maana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka uthibitisho kwamba suluhu ilishindikana. Wakikaa siku 30 bila kuwasuluhisha unaruhusiwa kuendelea mbele. Hapo wilayani ndo mnaomba zuio la muda wasiwaguse mpaka shauri liishe. Kwa uzoefu wangu nyingi zinaishia katani, mtu akishasomewa sheria mbele ya wazee anapoa.

Kihesa kwetu

Kamwene wote. Mimi niko Iringa na nimekuwa upande wa pili, yani sisi ndo tulikuwa warithi tunaouza. Baba yetu aliacha nyumba Gangilonga yenye mpangaji, mwalimu na familia yake, na mdogo wangu alikuwa na haraka ya hela akataka tumpe mwalimu mwezi mmoja atoke. Mama yetu akakataa katakata, alisema huyu mtu alimlipa baba yenu na baba yenu akala ile hela na nyie mkala, mnamtoaje? Tukakaa naye mezani.

Tulichofanya naomba dada ukijue maana kinaweza kukusaidia ukikaa nao. Tulimrudishia kodi ya miezi yote iliyobaki, tukamlipia gari la kuhamisha vyombo, na tukamlipia hela ya dalali wa nyumba mpya, maana mnajua dalali anachukua kodi ya mwezi mzima na hiyo hela mpangaji asingeitoa kama sisi tusingemuhamisha. Na tulimsubiri shule zifunge mwezi wa kumi na mbili. Yote tukaandika, tukasaini warithi wote na yeye na mke wake, mbele ya mtendaji. Hela alipewa siku ya kusaini, sio siku ya kuhama.

Sasa kwako piga hesabu. Septemba mpaka Januari ni miezi mitano, laki mbili na nusu mara tano ni milioni moja na laki mbili na nusu. Dalali wa huko unakokwenda laki mbili na nusu nyingine. Gari, na mafundi wa kuhamisha banda la kuku kama wanakuhamisha kwa haraka. Na huko mpya utaambiwa miezi sita kwa mkupuo, milioni moja na nusu kama bei ni ile ile. Mtu anayekuambia toka mwisho wa mwezi anakuambia utoe hiyo hela yote mfukoni kwako ili yeye auze nyumba kwa bei nzuri. Hiyo sio haki, hata kama angekuwa hana sheria inayomzuia bado sio haki.

Na usiwachukie hao watoto moja kwa moja. Kufiwa kunachanganya watu, kuna madeni ya msiba na hospitali, kuna mmoja ana ada ya chuo. Ila uchungu wao usilipwe na wewe.

Dalali Mafiati

Nasoma hapa nimesikitika maana kazi yetu inachafuliwa na watu wachache. Mimi ni dalali, naongea kwa niaba ya wale tunaofanya kwa heshima. Nyumba ikiwa na mpangaji mimi siingizi mteja bila kumpigia mwenye familia siku moja kabla tukapanga saa, na kama kuna chumba mgonjwa au mtoto amelala hatuingii. Mwenye nyumba ana haki ya kuja kuangalia mali yake kwa muda unaofaa na kwa taarifa, lakini kuingia chumbani kwa watu jumapili bila hodi huo ni uvamizi. Dada mwambie huyo dalali kwa meseji, sio kwa mdomo, kwamba wateja ni siku fulani na fulani saa fulani, nje ya hapo hufungui geti. Ukiandika meseji umepata ushahidi.

Kuhusu mnunuzi, mnunuzi mwenye akili anauliza mapema mpangaji ana mkataba mpaka lini. Anayenunua nyumba yenye mpangaji ni kama anayenunua shamba lenye mahindi ya mwenzake, anasubiri yavunwe. Wengine wanapenda hata hivyo, hasa anayenunua kama kitega uchumi, anakuta kodi inaingia. Wanaotaka nyumba tupu ni wale wanaotaka kuhamia au kubomoa wajenge maduka, na huku kwetu tangu ianze hii kazi ya barabara ya njia nne hao wamekuwa wengi, kila kiwanja kilicho karibu na lami kinatafutwa. Kwahiyo ukiona presha inakuwa kubwa ujue mnunuzi kaweka sharti la nyumba iwe tupu na hela iliyobaki hatoi mpaka mtoke. Hilo linakupa wewe nguvu ya kuongea, wao ndo wana haraka, wewe huna.

Nyumba tatu Njombe

Samahani naingilia kidogo. Mimi niko Njombe mjini, mwenzenu mkataba wa maandishi sina kabisa, tulielewana kwa mdomo nalipa kila mwezi elfu tisini na ninaambiwa nyumba imeuzwa. Je mimi ndo sina changu?

Uyole juu

Unacho dada, ila ni kidogo kuliko cha mwenzako wa Ilomba. Upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, unatambulika hata kama ni wa mdomo. Kifungu cha 79 kinasema upangaji ambao haukutaja muda unahesabiwa kwa kipindi unacholipia kodi. Wewe unalipa kwa mwezi basi wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuusitisha lazima atoe notisi isiyopungua hicho kipindi, tena iishie siku ya kodi. Maana yake notisi ya kwako ni mwezi mmoja kamili. Wakikuambia leo tarehe 14 utoke tarehe 30 hiyo haijatimia. Ushahidi wako ni meseji za kutuma kodi, usizifute, na majirani. Tena ukiweza leo leo chukua orodha ya miamala kutoka kwa mtandao wako wa simu ya mwaka mzima.

Karani mstaafu

Hapo kwenye notisi nataka niongeze kitu maana nimesikia watu wanabishana sana barazani. Kuna wanaosema anayelipa miezi sita sita bila mkataba wa muda maalum notisi yake ni miezi sita, kwasababu sheria inasema kipindi ambacho kodi inalipwa. Wengine wanasema hapana, kodi imetajwa kwa mwezi, ile miezi sita ni utaratibu wa kulipa mapema tu kwahiyo notisi ni mwezi. Mimi naona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi lakini siwezi kumwahidi mtu ushindi hapo, inategemea mkataba ulivyoandikwa. Kwa Mama wa Ilomba hili halina shida leo maana yeye ana tarehe ya mwisho imeandikwa. Litakuja kuwa shida Februari kama mkataba ukiisha akaendelea kukaa bila kuandikishana upya. Kwahiyo mama, usiache mpaka tarehe 31 Januari ikupite kimya kimya, kabla ya hapo ujue unaandikishana na nani au unahama.

Na watu wa zamani msimdanganye kwa ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, nasikia bado inatajwa mitaani kwamba mpangaji wa siku nyingi hatoki. Ile ilifutwa 2005, sasa hivi kinachotulinda ni Sheria ya Ardhi na mkataba wenyewe.

Jambo la mwisho, ule mkataba umelipiwa ushuru wa stempu TRA? Ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, kwa kodi ya milioni tatu kwa mwaka inakuja elfu thelathini. Wengi hawalipi halafu wakifika barazani upande wa pili unasimama unasema hati hii isipokelewe. Kama haujalipiwa nenda kalipie hata sasa, utatozwa na faini ya kuchelewa, lakini mkataba unakuwa salama. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni mzuri kwa ushahidi ila haubadili hilo.

Mama wa Ilomba

Jamani ndaga fijo, Mungu awabariki sana. Nimelia kusoma hapa maana nilikuwa najiona niko peke yangu.

Nimefanya haya. Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye anakumbuka kugonga ule muhuri na amesema hajapelekewa taarifa yoyote ya mauzo, na kwamba hakuna karatasi ya kuuziana atakayoigusa bila kuona karatasi ya mahakama. Nimempigia mama Tukuyu, nilikuwa naogopa kumwambia maana bado ana msiba, kumbe hajui lolote kuhusu kianzio! Anasema waliongea tu siku ya kumaliza matanga kwamba huko mbele wataangalia, na mirathi haijafunguliwa kabisa. Akaniambia mwanangu kaa hapo, mzee alikupa hiyo nyumba mpaka Januari. Amesema na hela ya kodi anakiri amepokea.

Sasa jana yule wa kianzio amekuja mwenyewe, ameongea vizuri tu, anasema yeye hana shida na sisi kukaa ila kuanzia mwezi wa tisa tumlipe yeye kodi kwasababu ndo mmiliki mpya. Nikamwambia tumeshalipa, akasema hiyo mlimlipa mtu asiyehusika. Hapa ndo nimechanganyikiwa tena, je anaweza kutulipisha mara mbili?

Na kitu kingine, LUKU yetu inakatwa ile kodi ya jengo kila mwezi, tumekuwa tukinunua umeme sisi, hiyo nayo ni ya kwetu?

Uyole juu

Hapana, hawezi kukulipisha mara mbili. Mlilipa kabla hajajitokeza mtu yeyote, mlilipa kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba, na aliyepokea anakiri. Kama yeye siku moja atakuwa mmiliki halali, hiyo kodi ya Septemba mpaka Januari atadaiana na waliomuuzia, ndo mambo ya kumalizana kwenye bei. Wewe usimpe hata shilingi, na usisaini karatasi yoyote atakayoleta hata kama imeandikwa "utambulisho" tu. Wapo wanaokuja na karatasi ya kumtambua mmiliki mpya kumbe ndani yake umekubali mkataba mpya wa mwezi mmoja.

Nina huruma naye pia, inawezekana katoa hela yake ya jasho. Mwambie tu kwa upole kwamba mirathi haijafunguliwa na mama mjane hajui, aende akaulize. Na kabla ya kuongeza hela aende ofisi ya ardhi kama kiwanja kimepimwa na kina hati aombe taarifa rasmi za umiliki, aone jina la nani lipo na kama kuna mkopo wa benki umeshikilia. Kama hakijapimwa basi aanze kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wa mipaka.

Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Inakatwa kwenye LUKU kwasababu serikali iliona ndo njia rahisi ya kukusanya, ilianza 2021 kwa elfu moja kwa mwezi na tangu Julai 2023 ni elfu moja mia tano kwa nyumba ya kawaida, elfu kumi na nane kwa mwaka. Wewe mpangaji ukikatwa unamlipia mwenye nyumba na unastahili kurudishiwa au kukatwa kwenye kodi, labda kama mkataba wenu ulisema mtaibeba nyinyi. Sio hela kubwa lakini iandike kwenye madai yako, kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Sasa andika barua. Naandika mfano hapa ubadilishe mwenyewe:

"Yah: Upangaji wetu wa nyumba ya Ilomba. Sisi ni wapangaji wa nyumba hii kwa mkataba wa maandishi wa tarehe 1 Februari hadi 31 Januari, kodi imelipwa yote hadi mwisho wa mkataba. Tumepata taarifa ya mdomo kwamba nyumba inauzwa na kwamba tutoke mwisho wa Agosti. Tunaheshimu haki ya familia kuuza mali yao kwa kufuata sheria, lakini mkataba wetu bado uko hai na tutaendelea kukaa hadi utakapoisha. Tunaomba kujulishwa jina la msimamizi wa mirathi na kupewa nakala ya uteuzi wake. Tunaomba watakaokuja kuangalia nyumba waje jumatano au jumamosi kati ya saa nane na saa kumi kwa taarifa ya siku moja kabla. Kama familia inahitaji nyumba mapema tuko tayari kukaa na kuzungumza kuhusu kurudishiwa kodi iliyobaki na gharama za kuhama, baada ya mtihani wa mtoto wetu wa darasa la saba. Tunaomba pia tufikiriwe kwanza kama wanunuzi."

Chapisha nakala tatu. Moja ya kijana mkubwa, moja ya mwenyekiti wa mtaa, moja inabaki kwako ikiwa imesainiwa na waliopokea. Kama kijana akikataa kusaini, mwenyekiti aandike kwamba alikabidhiwa mbele yake akakataa.

Toto la Sae

Nimesoma yote nimeelewa. Mama kaa hapo. Nauliza tu, je akiwa hana hela ya wakili na kesi ikafika wilayani?

Karani mstaafu

Barazani unaweza kusimama mwenyewe, wengi wanasimama wenyewe na wanashinda, lugha ni Kiswahili. Na kwa asiye na uwezo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, aende halmashauri aulizie kwa ustawi wa jamii au kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria, ataelekezwa kwa taasisi au wasaidizi wa kata, hawatozi hela. Hata ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ikipita mkoani wapelekeeni haya mambo ya mirathi na nyumba, hayo ndo wanayapokea kwa wingi.

Kihesa kwetu

Mama wa Ilomba, kwenye hiyo barua ongeza nakala ya nne ya mama Tukuyu, na umpelekee mwenyewe kama nauli ipo, usiitume kwa mtu. Mkikaa naye muombe aandike hata mistari miwili kwa mkono wake kwamba alipokea kodi ya Agosti hadi Januari, aweke dole gumba au saini, na binti yake anayekaa naye asaini kama shahidi. Kauli yake ya kwenye simu ni nzuri lakini watoto wakianza kumbana anaweza kushindwa kuirudia mbele ya baraza. Na kama mnataka kweli kuinunua mwambieni yeye kwanza bei mnayoweza, kwa sisi ilikuwa hivyo, mama akishasema nataka fulani aipate, watoto wengine walilegea.